Sufuria ya Fundi Rangi

Kila jioni, kabla kifuniko cha sufuria hakijafunuliwa, Mheshimiwa alifumba macho na kuomba dua fupi ya kuiaga dunia. Kisha kifuniko kilifunuliwa, mvuke ukapanda hadi darini, na harufu ikamfikia pale mezani kama jamaa asiyealikwa ambaye hata hodi hapigi.

Ilikuwa harufu ya maharage. Nyuma ya maharage palikuwa na samaki. Nyuma ya samaki, kwa mbali, palikuwa na ndizi mbivu iliyojuta kuzaliwa.

"Leo umekolea," alisema baba yake, akiuchungulia mchuzi kwa jicho moja kama anavyochungulia debe la rangi. "Tazameni ulivyotulia."

Ulikuwa umetulia kweli. Mwiko ulisimama wima katikati ya sufuria bila kushikwa na mtu.

Baba alikuwa fundi rangi, na fundi mzuri. Nusu ya ofisi za mji ule zilivaa mikono yake ya rangi ukutani. Lakini Mama alipoondoka kwenda kumuuguza Bibi aliyeanguka na kuvunjika nyonga, jiko lilibaki mikononi mwa Baba, naye akaliendesha kwa kanuni alizozijua, yaani kanuni za kuta.

"Fundi anayejiheshimu hamalizi debe," alimfundisha Mheshimiwa, binti yake mkubwa, mara tu aliporudi likizo. "Anabakiza rangi kidogo, anaichanganya na ya debe jipya, ukuta wote unakuwa na rangi moja. Ukifungua debe jipya katikati ya ukuta, baka litaonekana mpaka kiama."

"Baba, hiki ni chakula."

"Na tumbo ni ukuta. Usilitie baka."

Basi mabaki ya maharage yalimwagiwa samaki, mabaki ya samaki yakamwagiwa kabichi, kabichi ikapokea mayai, na siku moja ambayo Mheshimiwa hakupenda kuikumbuka, mayai yalipokea ndizi. Sufuria haikuoshwa. Kuosha sufuria, kwa mujibu wa Baba, ni kuparua ukuta mzima.

Jina la Mheshimiwa alipewa na baba yake huyohuyo, siku aliporudi kutoka shule ya bweni akaomba uma na kisu vya kulia yai. Na ijulikane kwamba hakuwa mtu wa kuchaguachagua. Shuleni alikula maharage yenye wadudu kwa moyo mkunjufu, akiwahesabu kama nyama. Lakini hata mdudu wa bweni ana heshima yake. Anafahamika alipotoka. Mchuzi wa Baba haukuwa na kwao.

Aliyeupenda mchuzi ule alikuwa mmoja tu, mdogo wake, Kidonge, mtoto wa shule ya awali, mdogo wa umbo na mkubwa wa shibe. Kidonge alikula, akalamba sahani, kisha akapanda gotini kwa Baba kufanya kazi yake ya kila jioni: kumbandua rangi kwenye kucha. Alibandua rangi, kucha moja moja, kwa ukucha wake mwenyewe, polepole, akisema, "Hii bluu. Hii bado bluu. Hii Baba umefanya nini?" Kucha zikiisha, usingizi ulimwangusha hapohapo. Siku Baba alipochelewa kazini, mtoto alikaa kitandani macho makavu kama bundi mpaka aliposikia mlango.

Jioni hiyo mwiko uliposimama wima, kijiko cha Mheshimiwa kiliopoa kitu laini. Alikigeuza. Kilikuwa jicho la samaki, na samaki alikuwa ameliwa wiki iliyopita. Jicho lilimtazama. Mheshimiwa alilitazama. Ilikuwa lazima mmoja wao aondoke, akaondoka yeye, na simu ya Baba mfukoni.

Alimpigia Shangazi, dada mkubwa wa Baba, mkaguzi wa afya wa manispaa. Huyu alikuwa mwanamke ambaye mlio wa viatu vyake ukisikika barabarani, wenye migahawa walianza kupiga deki hadi dari. Kwake, viti vya sebuleni vilikuwa bado vimevaa plastiki za dukani, na mgeni akiinuka, plastiki humng'ang'ania mapaja kana kwamba inamwomba asiende. Ndiye aliyemlea Baba baada ya wazazi wao kufariki, na neno lake katika ukoo halikukatiwa rufaa.

"Shangazi, shikamoo. Nakupigia kwa masikitiko makubwa," Mheshimiwa alisema kwa sauti ya risala. "Katika nyumba hii hatuli chakula. Tunakula historia."

"Marahaba. Sema unachotaka kusema. Mnakula nini?"

"Mchuzi."

"Wa nyama?"

"Nyama imo."

"Nyama ya lini?"

"Shangazi, hata nyama yenyewe haikumbuki."

Shangazi akakata simu. Mheshimiwa alirudi mezani akiwa mwepesi. Alichotarajia ni kitu kidogo tu: Shangazi aje, afoke, sufuria itupwe, dunia iendelee.

Kesho yake Baba alirudi kutoka kazini akiwa amenywea. Aliketi kwenye kibao chake karibu na mlango na kuvua viatu bila kufungua kamba.

"Dada amenipigia," alisema. "Ijumaa anakuja kula hapa. Eti kuna mtu amemwambia nalisha watoto uchafu. Akikuta ni kweli, anamchukua Kidonge mpaka mama yenu arudi."

Mheshimiwa akauliza, "Kidonge tu?"

"Wewe si unarudi shule? Lakini huyu..." Alimtazama mtoto, ambaye alikuwa ameshaukamata mkono wake na kuanza na kidole gumba. "Majirani hawa! Midomo kama bomba lililopasuka. Ningemjua aliyesema, ningempaka rangi ya mafuta usoni nisimpe tina ya kuitoa."

"Watu wabaya kweli, Baba," alisema Mheshimiwa, akiutazama ukuta kwa makini kama anayetaka kuununua.

Siku zilizofuata alijaribu njia ya hekima. Alisema sufuria ioshwe, walau kwa heshima ya mgeni. Baba akasema ukuta hauanzwi upya eti kwa sababu mgeni anakuja. Alisema wanunue sufuria nyingine. Baba akamuuliza kama huko shuleni wanafundishwa kumbadilisha mama kwa sababu ana mikunjo. Ijumaa asubuhi Baba alibeba brashi zake na ngazi, akaenda kupaka korido ya ofisi fulani, akiahidi kurudi mapema. Sufuria ilibaki jikoni, imefunikwa, inapumua.

Mheshimiwa alifunga mlango. Alijifunga kitambaa puani, akavaa mifuko ya plastiki mikononi, akafunua kifuniko.

Sitaficha kilichokuwamo, ili msomaji naye ateseke kidogo. Juu palikuwa na ngozi ya mafuta, nene, iliyokunjamana alipoigusa kama paji la uso wa mtu aliyeamshwa. Chini yake palikuwa na ukahawia. Chini ya ukahawia, wekundu wa nyanya. Chini ya wekundu palikuwa na kijani ambacho hakikutokana na mboga yoyote. Alichota kwa upawa, akamimina kwenye ndoo, na kila alichokichota kilitoa sauti ya mtu anayevua buti kwenye tope. Alikuta gamba la yai. Alikuta kifungo cha shati. Alikuta unywele mweusi, mgumu, akajipa moyo kwamba ni wa brashi, halafu akagundua kwamba hilo si faraja. Alipofika chini kabisa, ukoko ulikuwa umeshikana na sufuria mpaka hukujua wapi chakula kinaishia na wapi bati linaanzia. Aliukwangua kwa kikwanguo cha Baba cha ukutani, kile kikubwa. Vipande viliruka. Kimoja kilimwingia mdomoni kupitia kitambaa.

Akatema mpaka mate yakaisha, akaendelea.

Ndoo aliimwaga kwenye shimo nyuma ya jikoni. Paka wa jirani alikuja mbio, akanusa, akasimama, akarudi kinyumenyume kwa adabu kama mtu aliyefungua mlango wa choo kumbe kuna mtu.

Alipogeuka, Kidonge alikuwa mlangoni na mwanasesere wake kwapani.

"Dada, umemwaga chakula?"

"Nimekihamisha."

"Kinaenda wapi?"

"Kinapumzika. Kimefanya kazi sana. Nenda kacheze."

Baba aliporudi, jua lilikuwa bado juu na sufuria iling'aa juu ya jiko kama kioo cha kinyozi. Aliingia na mfuko wa nyama, viazi na karoti, akasimama. Aliuweka mfuko chini. Aliinua sufuria, akaiinamisha upande wa dirishani, akapitisha kidole ndani. Hakufoka. Mheshimiwa alikuwa amejiandaa kwa kufokewa, hata alikuwa na hotuba.

"Yote?" Baba aliuliza.

"Yote, Baba. Shangazi angemchukua Kidonge. Ilikuwa na kijani."

"Najua ilikuwa na kijani." Alikaa kwenye kibao. "Kile chakula cha chini kabisa alikipika mama yenu. Asubuhi ile anaondoka, alituachia sufuria nzima, akasema itatusogeza siku mbili. Mimi sijui kuanza, mwanangu. Naweza kuongeza tu. Nilikuwa naongeza, nabakiza, naongeza. Nikionja, namwona bado yumo."

Mheshimiwa alisimama, akiivua mifuko ya plastiki mikononi mmoja mmoja. Lilikuwa jambo zuri kuliko yote aliyowahi kumsikia baba yake akisema, na lilikuwa na samaki wa wiki iliyopita ndani yake.

"Basi tuanze," alisema hatimaye. "Mimi na wewe. Shangazi hayuko mbali."

Wakaanza. Baba alikata nyama miraba sawasawa, ungedhani ameipima kwa kamba. Alikaanga kitunguu, akakizuia kisimwagiwe nyanya, akisema mkono wa kwanza haujakauka. Kitunguu kikakauka, kikawa cheusi. Wakakitoa. Mheshimiwa akasema kwao shuleni mpishi huanza na maji. Wakaweka maji. Maji yakawa mengi, wakaongeza viazi ili viyanywe. Viazi vikakataa. Mpaka viatu viliposikika barabarani, walikuwa wamepata mchuzi mweupe kama ukuta uliopigwa chokaa, na viazi ndani yake vikigongana.

"Hodi!"

"Karibu, dada! Shikamoo!"

"Marahaba. Usinikaribishe, nimekuja kazini."

Shangazi alivua viatu, akatoa tochi kwenye mkoba, akaanza. Alimulika chini ya friji. Alifungua kabati, akapitisha kidole kwenye rafu, akakitazama kidole. Alinusa kitambaa cha meza. Aliinama kwenye bomba la sinki na kulisikiliza kama daktari. Mwisho alifunua sufuria na kumulika ndani. Mheshimiwa aliona mshangao ukimpita usoni, mshangao wa mtu aliyekuja na fimbo akakuta nyoka ni kamba.

"Sufuria ni safi," alisema Shangazi, bila furaha yoyote.

Wakakaa kula. Shangazi alichukua kiazi, akakiuma. Kiazi kilipasuka kwa sauti.

"Hivi viazi vimeiva?"

"Vinaelekea, dada," alisema Baba.

"Hmm." Akatafuna kwa haki na kwa uvumilivu. "Ni chakula kibaya sana. Lakini ni kisafi. Ubaya wa chakula si kosa kisheria, la sivyo ningekuwa nimewafunga wake wa kaka zangu wote."

Baba alicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Mabega yake yalishuka. Chini ya meza, Mheshimiwa alikunjua ngumi zake. Ikawa kama hatari imepita.

"Na wewe mdogo mbona huli?" Shangazi akauliza.

Kidonge alisukuma sahani. "Hiki si chakula chetu. Chetu Dada amekizika."

Shangazi aliweka kijiko chini.

"Amekizika?"

"Nyuma ya jikoni. Lakini mimi nilibakiza kidogo cha kwenye ndoo." Kidonge aliteremka kwenye kiti, mwenye fahari. "Baba anasema fundi hamalizi debe."

Akaenda chumbani. Walisikia akivuta kitu chini ya kitanda. Akarudi amebeba kwa mikono miwili kikombe cha plastiki cha mwanasesere, kile kikubwa cha chai, akakiweka mbele ya Shangazi taratibu, asimwage.

Kilikuwa kimejaa. Siku nzima ya joto chini ya kitanda ilikuwa imekikomaza. Ngozi ya mafuta ilikuwa imerudi, na juu yake sisimizi mmoja alikuwa akitembea kama mwenye shamba. Harufu ilipanda. Shangazi, ambaye amefunga machinjio, aliegemea nyuma.

Aliwasha tochi. Alikimulika kikombe, kisha akaipandisha tochi polepole hadi usoni kwa Mheshimiwa.

"Ndicho hiki ulichoniambia kwenye simu?"

Baba aligeuza shingo. "Simu gani?"

Mheshimiwa hakumtazama. Hakuweza. Alimtazama Kidonge, aliyekuwa amesharudi chini ya mkono wa baba yake na kukamata kidole chake. Korido ya leo ilikuwa ya rangi ya maziwa. Mtoto alikuwa ameanza kuibandua.

"Shangazi, nilitia chumvi," alisema. "Nilikuwa na hasira zangu. Hakikuwa kibaya. Ni kitamu."

"Ni kitamu?"

"Sana."

"Usafi wake?"

"Kinachemshwa kila siku, Shangazi. Hakuna mdudu anayeweza kuvumilia."

"Namwona mmoja anavumilia." Shangazi alikisukuma kikombe hadi kikagusa mkono wake. "Umelikoroga, binti yangu. Basi linywe."

"Dada, acha," alisema Baba. "Mchukue tu mtoto. Usimtese huyu."

Mheshimiwa alikuwa ameshachukua kijiko. Alimwondoa sisimizi kwa heshima zote, akamweka pembeni ya sahani. Akatoboa ngozi.

Kijiko cha kwanza kilikuwa vuguvugu, vuguvugu la chini ya godoro, na kiliteleza. Alikuwa amejiandaa kwa uchungu na akakuta utamu, ile ndizi, iliyochacha, ikija nyuma ya samaki kama mtu anayemfuata mtu gizani. Kitu kilivunjika kati ya meno yake. Hakuuliza. Alimeza. Kilishuka, kikasimama katikati, kikafikiri. Alimeza tena mate juu yake kukisukuma. Machozi yalimtoka, akatabasamu huku yakitoka, akachota cha pili. Cha tatu kilikuwa na ngozi. Ngozi ilimng'ang'ania kaakaa, akaibandua kwa ulimi. Alichota mpaka kijiko kikagonga plastiki, akakwangua pembe za kikombe, akaweka kijiko chini kimelala sawasawa, kama walivyofundishwa bwenini.

"Kimeisha?" akasema, sauti ikitokea mbali. "Pole. Ningeongeza."

Shangazi alizima tochi.

"Unanidanganya."

"Ndiyo, Shangazi."

"Ni uchafu."

"Uchafu mtupu, Shangazi."

"Sasa umekula kwa nini, mtoto wewe?"

"Kidonge hawezi kulala kwako."

"Kwangu kuna kitanda kizuri," alisema Shangazi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Kuna neti. Kuna shuka mpya hazijawahi kulaliwa na mtu."

"Najua, Shangazi. Lakini hakuna kucha za Baba."

Shangazi alitazama upande wa pili wa meza. Kidonge alikuwa ameshafika kidole cha kati. Ulimi nje, kazi imemshika, hakusikia hata neno moja. Kipande cha rangi kiling'oka kizima, akakinyanyua juu ya mwanga wa taa kukitazama, akakihifadhi pembeni ya sahani yake, akashika kidole kinachofuata. Baba alikaa bila kujitikisa, kama ukuta unaopakwa.

Shangazi alivua saa yake na kuiweka mezani. Akakunja mikono ya blauzi hadi juu ya viwiko.

"Huyu haendi popote," alisema. "Nitakuja mimi. Kila jioni, mpaka wifi yangu arudi. Na wewe," akamnyooshea Baba kidole, "leo unajifunza kitunguu. Umri huo wote! Mtu anapaka ghorofa nzima, kitunguu kimemshinda!"

Mheshimiwa alitaka kushukuru kwa maneno yanayostahili. Alifungua mdomo, akagundua kwamba kinachokuja si maneno, akatoka mbio.

Baba alimkuta nyuma ya jikoni ameinama, mikono ikiwa magotini. Alimshika paji la uso kwa kiganja kinachonuka tina.

"Kwa hiyo hakukuwa na jirani," Baba alisema.

"Hakukuwa na jirani, Baba. Nisamehe."

"Nami nimewatukana bure wiki nzima." Kisha akauliza, "Kilikuwa kibaya kiasi hicho?"

Alitaka kumdanganya. Lakini tumbo lilijibu kabla yake, kwa kirefu, na Baba akasogeza viatu vyake nyuma hatua moja bila kuuachia uso wake.

"Nimesikia," alisema.

Dirisha la jikoni likafunguka kwa kishindo. "Nyie wawili! Mafuta yamepata moto, kitunguu kitajikata chenyewe?"

"Naam, dada! Tunakuja!"

Akamfuta binti yake mdomo kwa pindo la ovaroli lake, pindo lenye rangi za mwaka mzima, na wakaingia pamoja kukata kitunguu. Shangazi aliwatazama mikono, akaitazama na ovaroli, akawarudisha nje wote wawili wakaoge.